Jinsi Nilivyolirudisha Ujanani Gari la Simone

Jumatatu, 2 Juni 2025

Simone ameondoka asubuhi kwenda Likasi. Binti yetu Gaëlle anajifungua wiki hii, na inaonekana mtoto hawezi kutoka bila bibi yake kusimama kando na kutoa amri. Mimi nimebaki. Peke yangu na nyumba, na gari, na akili zangu. Mchanganyiko mzuri sana!

Kabla ya kupanda basi alinipa mawaidha nusu saa nzima, abiria wote wakisikiliza. Moja: Jumamosi ya tarehe 14 niende Lukafu kwa Ba Ngosa, mkulima wake, nikalete mifuko sita ya maharagi. Mbili: kila Ijumaa nimimine lita moja ya oili kwenye moteri. Gari iko muzee, inakunywaka, alisema, kisha akainua kidole kimoja nisije nikasahau moja ni ngapi. Tatu: nisifanye biashara.

Nikamuuliza biashara gani. Akajibu: “Clément, yoyote.” Akiniita Papa Gaëlle mambo ni shwari. Akiniita Clément, wenye busara hukaa mbali.

Haki ya Mungu, gari ni lake. Toyota ya kijani, usukani kulia, ilitoka Japani ikiwa tayari imeona mengi. Aliinunua kwa maharagi na bunga wa mahindi, mfuko kwa mfuko, miaka tisa ya kukaa sokoni juani, na ndiyo inayotulisha mpaka leo. Mimi nilichangia mawazo. Kila Jumapili baada ya misa anaandika kilomita kwenye daftari la shule. Jana aliandika 287 902. Mwanamke gani anaandika umri wa gari lake kila wiki? Mimi nina miaka hamsini na miwili, na kwenye kwaya wanajua arobaini na saba. Hakuna aliyekufa.

Jumanne, 3 Juni

Maafa!

Mama mkwe alinipa chupa ya munkoyo, ule mzito wa mahindi, umechacha vizuri na sukari juu. Niliiweka juu ya tableau de bord, ile dashibodi, wazi, kwa sababu mtu anayeendesha hawezi kufungua kizibo kila anapopata kiu. Mbele ya soko kuna shimo. Shimo hilo lipo tangu mwaka juzi na ninalijua kama ninavyojua jina langu. Tukaingia ndani yake wote watatu: gari, mimi na munkoyo.

Munkoyo wote ukashuka ndani ya compteur, ile saa ya mwendo na kilomita. Sindano ya mwendo ikaruka hadi 140, na mimi nimesimama! Kisha taa zake zote zikazimika. Mwendo, petroli, kilomita: giza tupu. Wa kulaumiwa: wanaotengeneza barabara, wasiotengeneza barabara, na mama mkwe, ambaye angeweza kunipa chupa ndogo. Mimi nilikuwa naendesha tu.

Saa kumi alasiri sisimizi walikuwa wameshapanga mstari kuingia nyuma ya usukani.

Alhamisi, 5 Juni

Kwa Dédé, fundi wa umeme wa magari, mtaa wa Katuba. Akafungua compteur, akanusa, akauliza nani alitapika humu. Nikaeleza. Akasema katika kazi hii ameshaona maji ya mvua, panya, na siku moja nta ya mshumaa, lakini munkoyo bado. Akawaita mafundi wenzake waje kunusa. Niliona hilo halikuwa la lazima.

Compteur ya zamani haiponi. Lakini Dédé anayo nyingine, ya gari la aina hiyohiyo lililogongwa. Akaifunga. Funguo, na taa zote zikawaka kama Noeli! Nikatazama namba chini.

74 310.

Nikatazama tena. Bado 74 310.

Dédé akaja na kakasha kake kenye nyaya. Alikuwa ameiwasha ile ya zamani mezani kwake, akasoma namba ya mwisho: 287 940. Sasa anataka kuiandika kwenye hii mpya. Akasema ndiyo kanuni ya kazi: “Ukibadilisha compteur, unaandika umuri ya gari yako, si ya ile ya mwenzako.” Kazi ya saa moja, na inalipiwa.

Inalipiwa! Nikamuuliza: katika dunia hii yote, nani amewahi kulipa ili azeeshwe? Akina mama wanalipa ili mvi zifichwe. Mimi nilipe ili zioteshwe? Akaleta habari za vidange, kwamba mtu hatajua lini abadilishe oili. Nikatoa funguo kabla hajachomeka waya.

Akainua mabega. Akasema basi angalau amalizie desturi yake mwenyewe, nimwachie gari robo saa. Nikaenda kula michopo, nyama choma ya mbuzi, ng'ambo ya barabara. Niliporudi capot, kifuniko cha injini, ilikuwa imefungwa na yeye anaosha brashi yenye rangi nyeupe. Sikuuliza. Mafundi wana mambo yao.

Iandikwe hapa kwamba sikudanganya mtu. Namba sikuigusa. Ilikuja yenyewe.

Ijumaa, 6 Juni

Siku ya oili. Nilichukua chupa kabatini, nikafika hadi mlangoni, nikafikiri. Gari zee linakunywa. Sawa. Lakini gari la kilomita 74 310 si zee, ni kijana. Ukimpa kijana dawa ya wazee unamuharibu. Nikarudisha chupa kabatini. Capot sikuigusa.

Mchana akaja Casimir, kaka mkubwa wa Simone. Shemasi. Mtu anayeosha gari lake jeupe kwa sabuni ya mtoto na analipangusa masikio. Leo hakuwa na raha. Kuna kampuni inayopeleka mainjinia mgodini Kinsevere kila siku, na inatafuta gari la kukodi kwa mwaka mzima. Amepeleka lake, wamelikataa. Sharti: chini ya kilomita laki moja. Lake lina laki moja na elfu ishirini na moja. Alisema hivyo kwa sauti ya mzazi ambaye mwanawe ameshindwa mtihani.

Nikamfariji. Nilimfariji kwa muda mrefu na kwa undani, nikauliza maswali, nikaomba arudie namba. Alipoondoka nilicheka hadi jirani akagonga ukuta.

Mwaka mzima! Kofia ngumu! Fulana ya manjano inayong'aa! Asubuhi nitawapeleka mainjinia, jioni nitawarudisha, na Simone atarudi kutoka Likasi akute mume fournisseur, mwenye mkataba wa kampuni. Aliniambia nisifanye biashara, ndiyo. Lakini hii si biashara. Hii ni baraka.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani nikaegesha kando ya gari la Casimir. Nikaacha mlango wazi na taa za compteur zimewaka, kwa ajili ya hewa. Akapita. Akainama. Akasoma. Akaniuliza kama hili silo gari ambalo dada yake analipeleka Lukafu kila wiki tangu enzi ya yule padri mwingine.

Nikamjibu kwamba, shemeki, kuna watu wanaoendesha gari na kuna watu wanaolitunza. Akaanza kuhesabu miaka kwa vidole. Alihesabu hadi wakati wa mahubiri, nilimwona.

Habari kubwa: mtoto amezaliwa! Mvulana, kilo tatu na nusu, na mama yake mzima. Simone alipiga simu na nikalia, kabisa, bila aibu, nimeshika nguzo ya kanisa. Mimi, babu! Halafu nikakumbuka miaka ninayojulikana nayo kwenye kwaya. Pongezi nikazipokea kama mjomba.

Jumatatu, 9 Juni

Ofisi ya kampuni. Anayepokea maombi ni Mama Abigaïl, mdogo wa umbo, miwani mnyororoni, haonyeshi meno. Anataka picha: gari pande nne, matairi, compteur ikiwa imewaka, na étiquette ya vidange, ile karatasi mafundi wanayobandika mlangoni kuonyesha oili itabadilishwa kwa kilomita ngapi.

Matairi yetu yalikuwa ya kijivu, yana vumbi la Juni lote. Nikakumbuka kuna lita moja kabatini ambayo haina kazi. Lo! Kitambaa kimoja, oili nusu chupa, na matairi yakawa meusi hadi mtu anaweza kujitazama. Nusu iliyobaki nikapaka bampa.

Ikabaki étiquette. Yetu ilisema: Vidange 288 000. Mwandiko mbaya na namba isiyo na adabu. Nikaibandua kwa maji ya moto. Nikakata nyingine, nikaandika kwa wino wa bluu, polepole, kama hati ya ndoa: Vidange 79 000. Nikabandika. Nikasimama nyuma hatua mbili. Hata mimi niliamini.

Kumbe basi vidange bado mbali! Elfu nne na zaidi! Niliingia ndani moyo mwepesi, kama mtu aliyeondolewa shughuli.

Jumatano, 11 Juni

Taa nyekundu imewaka kwenye compteur, yenye umbo la kibirika kidogo kinachodondosha tone. Haizimiki. Nikafikiri sana. Compteur hii ilitoka kwenye gari lililogongwa. Kwa hiyo ugonjwa ni wa marehemu, si wetu. Nikakata kipande cha sparadra, plasta ya vidonda, kwenye sanduku la dawa la Simone, nikakibandika juu. Tatizo limekwisha.

Saa sita Simone akapiga. Mtoto ananyonya vizuri. Mtoto ana masikio yangu, maskini, ndivyo alivyosema. Kisha, bila hata koma, akauliza kama lita ilimiminwa. Nikajibu kweli tupu: lita yote imemiminwa, hata tone halikubaki. Akaniita Papa Gaëlle. Akauliza gari liko kwenye namba gani, aandike daftarini. Nikampulizia kwenye simu, nikasema mtandao wa Likasi ni mbaya sana siku hizi.

Ijumaa, 13 Juni

Siku ya oili. Oili hakuna. Matairi yanang'aa.

Jumamosi, 14 Juni

Maafa mengine!

Nilitoka alfajiri, baridi, vumbi jekundu hadi kwenye meno. Kwenda hakukuwa na neno. Ba Ngosa alikuwa ananisubiri na mifuko yake sita. Akapakia, akazunguka gari, akasifu matairi. Mtu anayejua vitu. Kisha akachungulia dirishani akauliza: “Ba Clément, iyi taa iko na kidonda?” Nikasema ni mafua tu. Akacheka, akanipa kuku mzima kwa ajili ya mama wa mtoto, akaniambia niende polepole.

Kurudi, baada ya saa moja hivi, nikasikia sauti mbele. Ko, ko, ko. Kama mtu anatwanga mahindi ndani ya capot. Nikaongeza sauti ya redio. Waliongeza kutwanga. Nikaongeza tena. Redio ina mwisho, wale hawakuwa na mwisho.

Halafu gari likapiga kelele moja, moja tu, na kila kitu kikasimama. Moshi. Kuku akanyamaza. Compteur: 74 698.

Nilizungusha funguo mara ishirini. Hata kikohozi hakuna. Nikakaa nyuma ya usukani na hofu ikaniingia, si hofu ya kelele za Simone, hizo nimezizoea. Nilimwona amekaa sokoni miaka tisa na kitambaa chake kichwani, mfuko kwa mfuko. Nilijisikia vibaya kweli. Nilidumu hivyo karibu dakika kumi.

Kisha nikampigia mtu wa pekee ninayemjua mwenye kamba ya kuvutia gari.

Jumapili, 15 Juni

Jana, sehemu ya pili. Sikuweza kuimaliza.

Casimir alifika saa tisa mchana, gari lake jeupe limekuwa jekundu kwa vumbi, na kamba imekunjwa vizuri juu ya gazeti. Akafungua capot. Akainua macho kuangalia upande wa ndani wa kifuniko. Akakaa chini. Barabarani, na suruali yake ya kushemasia! Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia.

Nikasogea. Rangi nyeupe, herufi kubwa kama kiganja:

COMPTEUR YA OCCASION. KILOMÈTRE YA KWELI 287 940. 5/6/25. DÉDÉ. MUMWANGE MAFUTA.

Ndiyo desturi yake, kumbe! Kila akifunga compteur ya occasion, yaani ya mtumba, anaandika umri wa kweli mahali ambapo kila dereva lazima apaone, maana kila dereva hufungua capot. Siku kumi nimebeba maandishi hayo kichwani mwa gari, kanisani, ofisini, Lukafu. Ningemimina ile lita mara moja tu, ningeyasoma yote, hata agizo la kumwaga oili. Sasa nauliza: fundi mstaarabu anaandikaje juu ya mali ya mtu bila ruhusa?

Casimir akavuta kijiti cha kupimia oili. Kikavu kama fimbo ya padri. Akauliza vidange ilikuwa lini. Nikamwonyesha étiquette mlangoni, kwa heshima: 79 000, bado. Akaupapasa wino wa bluu kwa kidole.

“Shemeki, ni weye njo uliandika?”

Nikasema mwandiko unafanana.

“Na kisha ukajisomea mwenyewe, ukaamini?”

Nikaingia garini, nikamweka kuku mapajani, tukavutwa. Kila kijiji Casimir alipunguza mwendo na kuwapungia watu mkono. Shemasi! Nyuma ya kamba mimi nilishika usukani na kuangalia mbele, kama dereva wa mkubwa fulani.

Jumanne, 17 Juni

Asubuhi niliamua kuondoa ushahidi. Kisu cha jikoni, capot wazi, nakwangua. Rangi ya Dédé ni ngumu kuliko moyo wake. Baada ya saa moja nilikuwa nimeondoa jina lake, tarehe na neno MAFUTA. Namba ilikuwa inasubiri zamu yake.

Ndipo gari la kampuni likasimama getini. Mama Abigaïl mwenyewe, kofia ngumu kichwani, na nyingine mkononi. Ya kwangu! Akasema ombi langu limekuwa la kwanza kati ya yote, picha zilikuwa safi, hasa matairi. Amekuja kuliona gari dakika tano tu, kisha tutie saini. Kwa mara ya kwanza nikaona meno yake.

Nikajisimamisha mbele ya capot kwa upana wangu wote. Nikasema gari limepumzika. Nikasema ni desturi ya familia, likitoka safari linapumzika siku tatu. Mama Abigaïl akavaa miwani. Mimi si mpana sana. Akasoma juu ya bega langu, kwa sauti: “Kilomètre ya kweli, mia mbili themanini na saba...”

Na nyuma yake, na begi lake la Likasi bado kichwani, Simone.

Casimir alikuwa amempigia. Bila shaka! Shemasi huwa hana usingizi akiwa na siri ya mwenzake.

Simone akamsalimu mgeni, akashusha begi, akatoa daftari. Akalifungua na kusoma, polepole, kama mtu anayesoma waraka misani. Jumapili kwa Jumapili. Kilomita kwa kilomita. Lita kwa lita. Mama Abigaïl alisikiliza hadi Pasaka ya mwaka jana. Kisha akafunga faili, akachukua kofia zote mbili, akamwambia Simone kwamba katika kampuni yao nzima hakuna anayeweka kumbukumbu namna hii. Akaomba namba yake ya simu. Ya kwangu hakuomba.

Alipoondoka nilijitayarisha kwa kelele. Hakuna. Simone akaenda kabatini, akarudi na chupa tupu, akauliza lita ilikwenda wapi. Nikaonyesha matairi. Akayatazama, moja moja, yote manne. Akasema: “Clément. Njia ya mwongo ni fupi.”

Nikamkumbusha kwamba kutoka 74 310 hadi 74 698 ni kilomita mia tatu themanini na nane. Si fupi hata kidogo.

Akaingia jikoni akafunga mlango. Nikasikia analia. Nilikaa kwenye ngazi na bakuli la bukari, ugali wetu, mkononi na sikula. Baadaye nilikula, maana kulikuwa na kuku.

Jumapili, 22 Juni

Moteri mpya imeingia. Yaani mpya kwetu: Dédé aliitoa kwenye basi dogo lililoanguka. Akaifunga siku tatu. Na safari hii Simone alisimama nyuma yake mpaka kakasha kenye nyaya kakaandika umri wa kweli wa gari: 288 328. Amelipia saa hiyo moja kwa furaha, kama mtu anayenunua maua. Dédé naye akapaka rangi upya ndani ya capot, herufi kubwa zaidi.

Moteri imetoka wapi, mtu atauliza. Imetoka kabatini mwangu. Suti zangu tatu, viatu vyangu vya ngozi ya mamba, na kofia. Simone aliziuza Jumatano, mbele yangu, akazikunja kwa upole kuliko anavyonikunjia maneno. Nilipinga. Akauliza moteri yake nani aliiua. Nikaacha kupinga.

Leo misani Casimir alisimama kusoma matangazo. Amevaa suti ya kijivu. Yangu! Na uchungu hasa si kwamba ameivaa. Uchungu ni kwamba imemkaa. Mabega yamejaa, mikono imefika panapotakiwa. Miaka sita nimeambiwa suti ile ina kasoro ya mshonaji. Waimbaji wawili walinitazama mimi, wakaitazama suti, wakanitazama mimi.

Na alitangaza, mbele ya parokia nzima, furaha ya ndugu yetu Clément aliyepata mjukuu wa kwanza akiwa na miaka hamsini na miwili.

Jumatatu, 30 Juni

Sikukuu ya uhuru. Soko limefungwa. Simone yuko ndani na simu, anaongea na Mama Abigaïl, wamekuwa marafiki, sijui ni habari za maharagi ya kantini au habari zangu. Ananiita Papa Gaëlle tena tangu juzi, kwa kujisahau nadhani. Funguo za gari ziko kwenye mkanda wake. Lakini mlango wa gari haufungiki vizuri, na humu ndani pana utulivu, ndipo nakaa kuandika.

Nimetubu. Niliandike hilo waziwazi. Nilidanganya namba, na namba ikanidanganya mimi, na Simone akalia. Kuanzia leo ni ukweli mtupu. Kaka mtu, fundi, wote watanikuta upande wa ukweli.

Na ni ukweli huohuo unaonisumbua. Natazama compteur hii iliyozimwa, na najua ikiwashwa itasema 288 na zaidi. Je, ni kweli? Mwili wa gari, sawa, una hizo. Lakini moteri! Dédé mwenyewe alisema moteri ya lile basi dogo ilitembea elfu hamsini na mbili tu. Sasa gari ni nini? Ni bati au ni moteri? Mtu akibadilishiwa moyo, umri wake utasomwa wapi, kwenye kucha?

Kuandika 288 juu ya moteri ya 52 ni uongo, na katika nyumba hii tumekubaliana uongo basi. Haki ni kupatanisha. Nimefanya hesabu. Mwili mara moja, 288. Moteri nimeihesabu mara tano, kwa sababu inafanya kazi zaidi. Jumla, gawanya kwa sita. Nimerudia mara mbili nisimdhulumu mtu. Inatoka elfu tisini na moja, mia tatu thelathini na tatu.

Chini ya laki moja! Na sikuilazimisha, ni hesabu.

Dédé atakataa, ana kichwa kigumu, lakini nimesikia yuko fundi mwingine upande wa Kenya, ule mtaa wa hapa mjini, naye ana kakasha na hana brashi. Kofia ya pili ya Mama Abigaïl bado haijapata kichwa, nina hakika. Simone hahitaji kujua mpaka iwe zawadi.

Mama mkwe amepita, ameniletea munkoyo wa sikukuu. Mtamu, umechacha vizuri. Nimeuweka hapa juu ya tableau de bord, wazi, ili mkono upate nafasi ya kuandika.